Choki kwenye bodi, feraiti kwenye kebo, au bodi yenyewe? Njia tatu za kukata kelele kwenye laini za data za kasi

Ukichomeka kebo ya USB kwenye bodi ya saketi uliyoibuni, redio ya FM iliyo karibu ikaanza kukwaruza, au ripoti ya maabara ikarudi na kilele kilichovuka mstari kwenye 240 MHz, ushauri wa kwanza utakaoupata ni mmoja: weka choki, yaani koili ndogo ya kuzuia kelele. Si ushauri mbaya, ila haujakamilika. Choki ya mkondo wa pamoja ni njia moja kati ya tatu zinazotumika kila siku, na kila njia inazuia mkondo unaopita mahali pake. Ukikosea mahali, utalehemu choki nzuri kabisa na kilele kitabaki palepale.

Njia zenyewe ni hizi: choki ndogo inayolehemiwa kwenye jozi ya data, karibu na konekta, feraiti ya kubana, yaani kipande cha kauri ya sumaku kinachovishwa kebo nzima kwa nje, na kuitengeneza bodi pamoja na ngao ya kebo (kifuniko cha chuma kinachozunguka nyaya zake) ili kelele isizaliwe, bila kuongeza kichujio chochote.

Tunapambana na nini

Kwenye jozi ya data, yaani nyaya mbili zinazoitwa D+ na D−, D+ inapopanda D− inashuka kwa kiasi kilekile, na nguvu za sumaku za nyaya hizo mbili hufutana. Tatizo ni ile sehemu isiyofutana: mkondo unaokwenda upande mmoja kwenye nyaya zote mbili kwa wakati mmoja, kisha ukatafuta njia nyingine ya kurudia. Huo ndio mkondo wa pamoja, na kebo huwa antena yake. Wala hauhitaji kuwa mkubwa. Kebo ya mita 1 yenye mkondo wa pamoja wa 5 µA kwenye 50 MHz hutoa takriban 105 µV/m ukipima umbali wa mita 3. Kikomo cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, cha Daraja B (vifaa vya nyumbani) kati ya 30 na 88 MHz ni 100 µV/m. Kwa mikroampea tano tu, umeshafeli.

Mkondo huo huzaliwa pale D+ na D− zinapotofautiana urefu, transiva (chipu inayotuma na kupokea data) inapowasha upande mmoja mapema kuliko mwingine, au jozi inapovuka ufa kwenye tabaka la graundi. Kuna pia chanzo ambacho watu hukisahau: graundi ya bodi yenyewe inaweza kuwa inachezacheza kwa sababu ya rigyuleta ya kuwasha na kuzima (saketi inayobadilisha volti ya umeme), nayo ikaisukuma kebo nzima, ngao na VBUS (waya wa umeme) vikiwemo. Hapo data haina kosa lolote.

Njia zote tatu tutazipima kwa maswali yaleyale: inazuia mkondo upi, inaifanyia nini data, inapunguza kiasi gani na kwenye masafa gani, inagharimu nini na inaweza kuingizwa lini, na huharibika vipi.

Inazuia mkondo upi

*Choki kwenye bodi.* Inazuia mkondo wa pamoja unaopita kwenye D+ na D− peke yake. Nyaya mbili zimezungushwa pamoja kwenye kiini kimoja cha feraiti. Data hukutana na indaktansi ndogo sana kwa kuwa flaksi zinafutana, ila mkondo wa pamoja hukutana na indaktansi yote. Kelele inayotoka kupitia VBUS, waya wa GND au ngao haipiti kwenye choki, kwa hiyo haiguswi kabisa.

*Feraiti ya kubana.* Inazunguka kila kilichomo ndani ya kebo, kwa hiyo inaona jumla ya mikondo yote, ukiwemo wa ngao na wa waya za umeme. Haiulizi kelele ilitoka wapi.

*Bodi na ngao.* Inashughulikia chanzo. Jozi ikiwa na ulinganifu, mkondo wa pamoja unaotokana na data hupungua kabla haujafika kwenye konekta. Ngao ikiunganishwa vizuri, uliobaki unarudi ndani ya ngao badala ya kusafiri nje yake.

Namna ya kujua wako ni upi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua feraiti ya kubana, zungushia mizunguko 5 ya waya mwembamba, unganisha na kebo ya koaksia ya 50 Ω hadi kwenye kichanganuzi cha spektra. Hata kile kidogo cha tinySA kinatosha. Kwa makadirio, kibano hicho hutoa volti 10 kwa kila ampea (50 Ω gawa kwa mizunguko 5), kwa hiyo 5 µA itaonekana kama 50 µV, yaani −73 dBm. Bana kwenye kebo karibu na kifaa chako, kisha angalia sura ya kelele. Vilele vyembamba kwenye 240, 480 na 720 MHz ni data ya USB ya 480 Mbit/s. Mlima mpana kati ya 30 na 150 MHz mara nyingi ni rigyuleta. Halafu simamisha data, kebo ikiwa bado imechomekwa: kelele ikibaki vilevile, choki ya D+ na D− haitakusaidia hata ukiweka ya 2000 Ω.

Inaifanyia nini data

Hapa ndipo choki inapodai malipo yake, na ndipo penye makosa mengi.

Kila choki ina indaktansi kidogo isiyofutika, na uwezo wa kapasita kati ya nyaya zake. Hivyo viwili huweka kikomo cha juu cha data. Kanuni inayofaa ni kutaka ipitishe angalau hamoniki ya 3 (mara tatu ya masafa ya msingi, ambayo ni nusu ya kasi ya biti) bila kushuka zaidi ya 3 dB: takriban 720 MHz kwa USB ya 480 Mbit/s, 7.5 GHz kwa USB ya 5 Gbit/s, na 9 GHz kwa HDMI ya 6 Gbit/s. Choki ya waya ya saizi ya 0805 iliyotengenezwa kwa ajili ya USB 2.0, kama vile DLW21SN900SQ2 ya Murata au ACM2012-900-2P ya TDK, inafaa kazi ya kwanza. Usiipeleke kwenye jozi ya 5 Gbit/s. Huko zipo choki za tabaka jembamba, ndogo zaidi, zilizobuniwa kwa ajili hiyo. Impidansi (upinzani kwa mkondo unaobadilika) ya jozi nayo lazima ilingane: 90 Ω kwa USB, 100 Ω kwa HDMI na Ethernet.

USB 2.0 ina mtego mwingine. Kifaa cha 480 Mbit/s huanza mazungumzo kwa kasi ya 12 Mbit/s, na kwenye kasi hiyo mwisho wa pakiti hutangazwa kwa kuzishusha D+ na D− zote mbili hadi sifuri kwa muda wa biti mbili, kama nanosekunde 167. Ukitazama kwa osiloskopu utaona kisa kizima: waya uliokuwa juu kwenye 3.3 V unashuka, wa pili uko chini tayari na haukutakiwa kusogea. Lakini kwa choki, mabadiliko hayo nusu yake ni mkondo wa pamoja, kwa hiyo inayapinga, na waya wa pili unavutwa chini ya sifuri kabla ya kutulia. Kadiri impidansi ya choki inavyokuwa kubwa, ndivyo mvuto unavyozidi, hadi upande wa pili ushindwe kuutambua mwisho wa pakiti. Ndiyo maana mwongozo wa Intel wa kubuni bodi za USB 2.0 unataja choki za 80 hadi 90 Ω kwenye 100 MHz, na unasisitiza kupima ubora wa data baada ya kuiweka. Anayechukua ya 600 Ω akidhani kubwa ndiyo bora anajitafutia kifaa kinachotambuliwa na kompyuta moja na kukataliwa na nyingine.

Feraiti ya kubana haiigusi data. Mikondo ya data inafutana ndani ya tundu la feraiti, na ngao ipo katikati. Unaweza kuvisha tatu bila mchoro wa jicho, ule wa osiloskopu unaoonyesha ubora wa data, kubadilika.

Kurekebisha bodi huiboresha data yenyewe. Hii ndiyo njia pekee inayoongeza nafasi ya kuvumilia makosa badala ya kuipunguza. Tofauti ya urefu ya mm 1 kwenye bodi ya FR-4 ni pikosekunde 6 au 7. Kwa biti ya 480 Mbit/s yenye ps 2083 hiyo si kitu, kwa biti ya 5 Gbit/s yenye ps 200 inaanza kuhesabika.

Inapunguza kiasi gani, na kwenye masafa gani

Mchoro wa desibeli ulio kwenye datashiti ya choki hupimwa kwenye mfumo ambao chanzo na mzigo vina takriban 25 Ω kila kimoja kwa mkondo wa pamoja. Choki ya 90 Ω hapo inatoa (50 + 90) / 50, yaani kama 9 dB. Kebo yako si mzigo wa 25 Ω. Kebo iliyo hewani huhesabiwa kuwa na 150 Ω hivi. Weka namba hiyo pamoja na 25 Ω za chanzo: (175 + 90) / 175, yaani 3.6 dB, na mara nyingi pungufu ya hapo kwa kuwa impidansi ya choki ni ya kiindakta na haijumlishiki moja kwa moja na rizistansi. Kama ripoti inasema umezidi kwa 10 dB, choki ya 90 Ω haitakuvusha peke yake, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuagiza bodi nyingine. Choki ya 1000 Ω ingetoa 16.5 dB kwenye hesabu hiyohiyo, ila USB 2.0 hairuhusu anasa hiyo.

Feraiti ya kubana inayopitisha kebo mara moja hutoa kwa kawaida Ω 100 hadi 250 kwenye 100 MHz, kulingana na urefu na unene wake. Aina ya malighafi ni muhimu kuliko ukubwa. Kwa namba za Fair-Rite, malighafi 31 inafaa kati ya 1 na 300 MHz, malighafi 43 kati ya 25 na 300 MHz, na malighafi 61 kati ya 200 na 1000 MHz. Kilele cha 480 MHz ukikivisha malighafi 31, usishangae hakijashtuka. Kupitisha kebo mara mbili huzidisha impidansi mara 4 kwenye masafa ya chini, lakini kwenye masafa ya juu kapasita kati ya mizunguko hiyo hula faida yote.

Bodi na ngao hazina namba moja. Kinachoweza kuhesabiwa ni mkia wa ngao: ngao iliyosokotwa na kulehemiwa kwa waya wa sm 3 ina takriban 30 nH, ambayo kwenye 240 MHz ni 45 Ω. Ngao hiyo haipo, kwa maneno mengine. Ukiiunganisha duara zima kwenye ganda la konekta, na ganda likashika graundi kwa miguu yake yote minne, unapata kitu ambacho choki haiwezi kukupa.

Gharama, na inaingia lini

Choki ya USB 2.0 ukinunua chache ni chini ya nusu dola, lakini lazima pedi zake ziwepo kwenye bodi. Kwa hiyo chora pedi toka toleo la kwanza, halafu weka rizista mbili za 0 Ω mahali pake. Ukihitaji choki utazing'oa. Anayeagiza bodi kutoka China na kusubiri mzigo wiki kadhaa Nairobi au Dar es Salaam anajua thamani ya pedi hizo. Tahadhari: pedi tupu za choki kubwa huharibu impidansi ya jozi ya 5 Gbit/s, kwa hiyo huko uamuzi ufanywe mapema.

Feraiti ya kubana inaingia dakika yoyote, hata kifaa kikiwa tayari maabara. Gharama yake ya kweli inakuja baadaye: ni kitu cha plastiki kinachoning'inia, mteja anaweza kukitoa, na kama kebo haiji na kifaa chako huna namna ya kumlazimisha mtu aivishe. Kama ulipimwa ukiwa na feraiti, unapaswa kukiuza kifaa na feraiti.

Kurekebisha bodi ni bure ukiwa bado unachora, na ni ghali kuliko vyote ukishachapa bodi elfu moja.

Huharibika vipi

Choki iliyowekwa kabla ya diodi ya kinga. Mpangilio sahihi ni konekta, diodi ya kinga ya umeme tuli, kisha choki, kisha transiva. Zote ziwe ndani ya sm 1 hivi kutoka kwenye konekta. Kipande kirefu cha jozi baada ya choki hukusanya kelele upya.

Choki iliyounganishwa kinyume. Datashiti huonyesha nukta mbili zinazotaja mwanzo wa kila waya. D+ ikiingilia upande wenye nukta na D− ikaingilia upande usio na nukta, flaksi za data zinajumlishana na choki inazuia kile ulichotaka kipite. Kifaa hakitambuliwi kabisa, na fundi anaanza kulaumu programu.

Choki ya laini ya umeme kwenye data. Choki za umeme mara nyingi huwa na nyaya zilizotengwa kila moja upande wake, na indaktansi isiyofutika ni kubwa. Za data huzungushwa nyaya mbili sambamba. Kwa macho zinaweza kufanana.

CAN, mtandao wa waya mbili wa magari na mashine, ina kisa chake. Choki za CAN ni za 51 µH au 100 µH, kubwa mara mia kadhaa kuliko za USB. Waya wa CAN ukigusana na betri au graundi kisha ukaachia, choki inajaribu kuuendeleza mkondo uleule na inazalisha mrusho wa volti upande wa transiva, unaoweza kuvuka kiwango ambacho transiva inavumilia. Diodi ya kinga iliyo upande wa konekta haiuoni. Ukiweka choki kwenye CAN ya gari, weka kinga upande wa transiva pia.

Feraiti ya kubana hufeli kwa sababu ndogo: haijafunga mpaka ikalia kliki. Mwanya mdogo tu kati ya nusu mbili hukata impidansi kwa kiasi kinachoonekana. Sababu ya pili ni mahali: iweke karibu na kifaa kinachotoa kelele, si katikati ya kebo kwa sababu panapendeza.

Kwenye bodi, kosa linalojirudia ni jozi kuhama tabaka bila via (vitundu vya chuma vinavyounganisha tabaka) za graundi pembeni yake. Weka via mbili ndani ya mm 1 hivi. Lingine ni ganda la konekta kuunganishwa na graundi kupitia rizista ya 1 MΩ na kapasita ya 4.7 nF, mchoro unaonakiliwa kutoka bodi moja hadi nyingine. Kwa kifaa chenye boksi la plastiki lisilo na chasisi ya chuma, kuliunganisha ganda moja kwa moja mara nyingi ndiko kunakofanya ngao ifanye kazi.

Ya nani ni ipi

Unachora USB 2.0 na hujachapa bodi: anza na jozi ya 90 Ω juu ya graundi isiyokatika, ganda la konekta kwenye graundi, na pedi za choki zenye rizista za 0 Ω. Choki ya 90 Ω iwe akiba.

Bodi zimeshachapwa, na kelele ni mlima wa rigyuleta: bana feraiti ya malighafi 43 kwenye kebo ili uvuke kipimo, kisha shughulikia kichujio cha VBUS kwenye toleo lijalo. Choki ya data acha.

Bodi zimeshachapwa, vilele ni 240 na 480 MHz, umezidi kwa 2 au 3 dB, na pedi zipo: hapa ndipo mahali hasa pa choki ya 90 Ω. Baada ya hapo ijaribu kwa 12 Mbit/s pia, si kwa 480 peke yake, na kwa kebo ndefu kuliko utakayouza. Ukiwa umezidi kwa 10 dB, angalia ngao kwanza.

USB ya 5 Gbit/s iliyo karibu na antena ya Wi-Fi: data hii imechanganywa, kwa hiyo kelele yake imetandazwa hadi kwenye 2.4 GHz, na hata kipanya kisichotumia waya huanza kukwama. Ngao ya konekta na umbali kutoka kwenye antena vina kazi kubwa zaidi. Choki ya tabaka jembamba yenye mzuio mzuri kwenye 2.4 GHz huongezwa juu yake. Feraiti ya kubana kwenye masafa hayo ina faida ndogo.

CAN FD, CAN ya kasi zaidi, kwenye gari au mashine: jaribu kwanza kuigawa rizista ya mwisho wa laini kuwa mbili za 60 Ω, na kapasita ya 4.7 nF kutoka katikati hadi graundi. Transiva nyingi za kisasa zina ulinganifu wa kutosha kwa hilo peke yake. Mtengenezaji wa gari akidai zaidi, chukua choki ya 100 µH iliyotengenezwa kwa CAN FD, pamoja na kinga ya upande wa transiva.

Ethernet ya 100 au 1000 Mbit/s kwenye kebo ya kawaida ya RJ45: transfoma uliyoinunua kwa kawaida ina choki ndani yake. Usiongeze nyingine. Hakikisha rizista za 75 Ω za katikati ya transfoma zinaishia kwenye kapasita ya 1000 pF ya kilovolti 2, na kapasita hiyo ishike chasisi kwa njia fupi. Ikizungushwa mbali, kelele inarudi kwenye kebo kana kwamba hukuiweka.